Rili ya Ombati: Magwagwa Hadi Suneka, na Kurudi na Kiatu Kimoja

Jumatatu mliniona kwenye kituo cha majani chai nimevaa ndara, nanyi mnajua mimi si mtu wa kuvaa ndara kwenye matope. Kila mmoja aliniuliza kivyake. Kila nilipoanza kueleza, karani wa mizani aliniita, na hadithi ikakatikia kwenye shuka au kwenye mazishi, hata nikasikia wengine wanasema nilikwenda Suneka kuzika mtu. Nimeamua kuandika yote mara moja. Wasioona vizuri, mdogo wangu Nyaboke atawasomea.

Mnajua Ombati, mdogo wangu, alipata kazi kwenye kambi ya wavuvi huko upande wa Kericho, kwenye mito ya baridi katikati ya chai. Kazi yenyewe ni kuwaongoza wageni wanaovua samaki aitwaye trauti. Hawamvui kwa wavu wala kwa chambo cha nyungunyungu. Wanamdanganya kwa nzi aliyetengenezwa kwa manyoya ya kuku, na wakishamkamata wanamtazama, wanamsifu, kisha wanamrudisha majini. Sikutunga mimi.

Kambi inampa kila kiongozi fimbo ya kuvulia. Rili ajitafutie, kwa sababu waliotangulia walizoea kuziangusha rili za kambi mtoni. Rili ni kile kigurudumu kinachofungwa chini ya fimbo, ambacho uzi unajizungushia. Ombati aliambiwa aripoti Jumatatu asubuhi na rili yake, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine, na wengine wawili walikuwa wanaingojea. Yeye alikuwa bado kwenye mafunzo, na ruhusa ya kuja nyumbani ilikuwa Jumapili tu.

Akasikia habari za Mzee Makori wa Suneka, aliyefanya kazi kambi hiyo hiyo mpaka akastaafu. Mzee alikuwa na rili mbili, na alikuwa tayari kuachana na moja. Habari ya bei waliimaliza wenyewe kwa simu. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kuchagua, na mtu huyo ni mimi.

“Dada,” Ombati aliniambia kwenye simu, “nakuomba kitu kimoja. Mara hii chagua nzuri.”

“Nzuri vipi?”

“Nzuri ya kutazama.”

Tangu wazazi wetu watutoke, mimi nikiwa darasa la saba na Ombati hajaanza la kwanza, kila kitu cha nyumba hii nimekichagua mimi, na nimekichagua kwa swali moja tu: kitadumu? Viatu vya shule nilichukua vikubwa kwa saizi mbili, nikajaza magazeti mbele. Ile sweta ya kahawia ilivaliwa na Ombati, ikavaliwa na Nyaboke, na sasa kuku wanaatamia juu yake. Haijatoboka. Sikuwahi kuionea haya sweta ile mpaka Ombati aliposema “ya kutazama.” Nikatambua kwamba neno hilo alikuwa amelibeba miaka mingi, na amelisema kwa adabu kuliko nilivyostahili.

Nikamwahidi.

Magwagwa hadi Kebirigo

Niliondoka Ijumaa asubuhi na ile fimbo, ili niijaribishe na rili papo hapo. Ombati alikuwa ameiacha nyumbani ndani ya bomba la plastiki linalofika begani kwangu. Kijana wa bodaboda alilitazama bomba, akanitazama mimi, akauliza kama tunakwenda sote.

Tulijaribu kulisimamisha, likagonga matawi. Tulijaribu kulilaza kwa upana, tukawatimua kondoo wa watu. Mwishowe nikalibana kwapani, ncha ikitangulia, tukaenda kama watu waliotumwa vitani. Kwenye kona moja, pale nyumba zinapokaribiana na barabara, nilihisi kitu kimenivuta kidogo, nikadhani ni upepo. Mbele kidogo watoto wakaanza kutushangilia. Kisha watu wazima nao wakatupungia mikono. Nikawapungia. Tulifika mbali kabla ya kugundua kwamba nyuma yetu inapepea shuka ya maua, kubwa, mbichi, imenasa kwenye mfuniko wa bomba.

Kijana alitaka tuitundike kwenye ua wowote twende zetu. Nikamwambia tunarudi. Mwenyewe, mama wa makamo, alikuwa amesimama barabarani na mwiko.

“Mama, utusamehe, ni hili bomba,” nikasema.

“Bomba limejifunza lini kuiba shuka?”

Shuka ilikuwa imeshika vumbi, kwa hiyo niliifua upya, na kijana wa bodaboda akaianika, kwa kuwa mama alisema mkono uliotoa ndio unaorudisha. Tulipomaliza akatukalisha, akatupa ndizi za kuchemsha na chai ya maziwa. Mtu aliyekufulia shuka, alisema, huwezi tena kumwita mwizi. Nilikubaliana naye, lakini jua lilikuwa limepanda.

Kebirigo niliingia hoteli ya Mama Kerubo kungoja gari. Sijaketi, akaliona bomba.

“Fundi, umechelewa. Mfereji unavuja tangu juzi.”

Nikamwambia mimi si fundi wa mabomba. Akasema wote husema hivyo wakitaka kubembelezwa, akanishika mkono mpaka kwenye karo. Mnanijua. Siwezi kuacha kitu kikivuja nikiwa nimesimama. Nilikata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaufunga mfereji, ukanyamaza. Akaniletea chapati mbili na maharagwe, na kuanzia hapo hakuna niliyemwambia tofauti aliyeniamini.

Barazani kwake hushona fundi wa cherehani anayeitwa Momanyi. Huyo nilimweleza ukweli wote, wa rili, wa nzi wa manyoya na wa trauti.

“Wanamkamata,” akasema, mguu ukiwa umesimama juu ya pedeli. “Halafu?”

“Wanamrudisha.”

“Kwani anakuwa mgonjwa?”

“Hapana. Mzima kabisa.”

“Basi wanaoumwa ni wao,” akasema, akaendelea kushona.

Kebirigo hadi Kisii

Magari hayakuwepo. Yalikuwa yamekodiwa kupeleka watu mazishini. Momanyi akasimamisha basi la shule lililojaa waombolezaji, akaongea na dereva, nami nikapewa kiti. Dereva alisema anaelekea Kisii, na alisema kweli. Hakusema kwamba kabla ya Kisii kuna marehemu.

Tulipofika kwenye boma lile, nilibaki ndani ya basi kwa heshima. Kijana wa vipaza sauti akachungulia dirishani. Mti aliokuwa amefungia kipaza sauti chake ulikuwa umevunjika. Akaliona bomba langu, akasema Mungu amejibu, na kabla sijapata jibu langu, bomba likawa limekwenda. Nilipomfuata nilikuta limechimbiwa ardhini katikati ya uwanja, kipaza sauti juu yake, mchungaji anahubiri chini yake. Fimbo ya Ombati ilikuwa ndani. Sasa hata kama dereva angetaka kuondoka, mimi nisingeweza. Mtu hawezi kung'oa kipaza sauti cha mazishi.

Nikakaa. Wakaongea wakwe, wakaongea majirani, wakaongea wa kanisa. Kisha mwenye kuongoza akauliza kuna nani kutoka mbali, na dereva wetu, mtu mwema, akasema kuna mama kutoka Magwagwa. Nikasikia nikiitwa mbele kwa niaba ya watu wa Magwagwa.

Hamkunituma, najua. Lakini kukataa kusema mazishini ni kuwatukana wafiwa. Niliwaambia sikubahatika kumfahamu marehemu, ila nimewaona watoto wake wamesimama wamepangana mkubwa mpaka mdogo, na yule mkubwa amemshika mdogo ukosi wa shati asiangukie kaburini. Nikasema mkubwa huyo asiachwe peke yake na ukosi ule, kwa sababu mkono huchoka. Sikupanga kusema hivyo. Mama mmoja akalia, na wengine wakamfuata. Nikarudi kukaa.

Walitupa wali na nyama, na mimi nikapewa sahani mbili kwa heshima yenu. Kipaza sauti kiliposhushwa, nikafungua bomba, nikaipapasa fimbo. Ilikuwa nzima. Jua lilikuwa limeegemea upande wa Suneka.

Kisii hadi Suneka

Kisii mjini sikula, sikuuliza, sikutazama dirisha la duka lolote. Nilipanda gari la kwanza la Suneka, nikashuka, nikauliza kwa Mzee Makori, nikaonyeshwa njia ya mteremko kati ya migomba. Nilikimbia na bomba begani. Nililiona geti, nikamwona mzee mwenye koti safi amesimama akitazama machweo. Nilimwamkia, nikajitaja, nikasema nimekuja kuchukua rili.

Alinyoosha kidole kuelekea mlimani. Ukingo wa mwisho wa jua ulikuwa unazama.

“Karibu sana, binti yangu,” akasema. “Umefika. Lakini biashara imelala.”

Sikuwa nimefikiria hilo. Sisi Wakatoliki Ijumaa jioni ni Ijumaa jioni tu. Kwa Mzee Makori ilikuwa Sabato imeingia, na mpaka jua lizame tena Jumamosi hakuna kuuza, kununua wala kuchagua. Nilimweleza habari ya Jumatatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema Jumatatu itakuja tu, lakini haijawahi kuja kabla ya Sabato.

Mkewe, Mama Bosibori, akatoka jikoni akanipokea bomba kama anayepokea mtoto mchanga. Chakula cha siku mbili kilikuwa kimeshapikwa, maji yameshatekwa, viatu vimepigwa rangi na kupangwa mlangoni. Nilipewa ugali wa wimbi na mboga ya saga iliyopikwa kwa maziwa, na kitanda chenye shuka ya maua ambayo niliiangalia kwa woga.

Sabato

Kanisani wageni husimamishwa wajitaje. Nikasema jina, nikasema Magwagwa. Mzee wa kanisa akauliza kwa upole nimekuja kwa shughuli gani. Nilimtazama Mzee Makori, naye akatazama dari. Sikutaka kusema uongo mahali pale, wala sikutaka kuitaja biashara. Nikasema nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye ni mvuvi. Kanisa zima likaitika amina, na mhubiri akaacha somo lake akageukia wavuvi wa Galilaya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Baada ya chakula cha mchana tulitembea mtoni, Mzee, Mama Bosibori na mimi, kuyatazama maumbile. Kutazama kunaruhusiwa. Mzee alinionyesha mahali ambapo samaki angekaa kama angekuwepo, nyuma ya jiwe, anapopumzika akingoja mto umletee chakula. Alizungumza habari za maji kama watu wengine wanavyozungumza habari za ng'ombe wao. Nilijizuia kwa saa nzima, kisha nikasema, “Baba, kuhusu zile mbili...”

“Kuhusu wakwe zangu wawili,” akasema haraka.

Nilijua hana wakwe wa kiume, maana usiku Mama Bosibori alinieleza kwamba watoto wao wote ni wavulana.

“Mmoja,” akaendelea, “ni mtanashati. Anang'aa. Akianza kazi utamsikia kutoka ng'ambo, anaimba. Wageni wanampenda. Lakini usimwekee vidole karibu, akishaanza hajui nani ni rafiki. Mwingine ni mweusi, ana makovu, mzito kidogo, hasemi. Huyo aliwahi kuanguka mtoni siku nzima, akatoka, akaendelea.”

“Na wewe baba ungemchagua yupi?”

“Mimi simchagulii mtu mkwe siku ya Sabato.”

“Huyo mweusi ndiye anayempenda,” Mama Bosibori akaniambia, “lakini anayemtoa kabatini kumpangusa ni yule mwingine.”

Jioni tuliimba, tukasali, jua likazama. Mzee alisema amina, akahesabu pumzi mbili tatu, akainuka akaenda kabatini. Alirudi na kitambaa cheupe, akakikunjua mezani.

Jamani, ile ya dhahabu. Ilikuwa imetobolewa matundu madogo yaliyopangwa kama maua, kwa hiyo mwanga wa taa ulipita ndani yake ukaangukia meza na maua yake. Kishikio kilikuwa kama pembe ya ndovu. Ukivuta uzi, ililia kama nyenje wa jioni. Ile nyeusi ilikuwa nyeusi. Niliishika, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukasema: hii itadumu. Ndiyo sweta ya kahawia kabisa. Niliirudisha mezani haraka kama mtu aliyeshika kikaango cha moto.

Mzee akasema tulale, rili haichaguliwi mezani.

Ndama

Asubuhi ya Jumapili Mzee alikwenda kumwona jirani mgonjwa, akasema akirudi atanionyesha namna ya kuzijaribu. Mimi nilikuwa na safari. Nami jembe silichukui dukani kabla ya kulipiga chini, na kamba siichukui kabla ya kuifunga kwenye mnyama. Nikaunga fimbo, nikafunga rili ya dhahabu, nikaomba ruhusa kwa Mama Bosibori, nikafunga ncha ya uzi kwenye kamba ya shingo ya ndama.

Mama Bosibori alimpiga kofi la mgongoni.

Ndama aliteremka bondeni. Rili iliimba mpaka majirani wakatoka nje. Kishikio kilizunguka kikanipiga vidole vinne kwa zamu, kama mwalimu. Nilikishika, ndama akavuta, fimbo ikapinda, nami nikaenda naye mpaka kwenye tope la kisima, ambako kiatu changu cha kushoto kilibaki na hakikuonekana tena, ingawa tulilichimba tope lile kwa jembe. Lakini sikuiachia fimbo, na uzi haukukatika, na ndama alisimama. Nikamrudisha polepole kwa kuzungusha, yeye akila nyasi njiani.

Nikamfunga kwenye ile nyeusi. Ndama alisimama mapema zaidi, na vidole vyangu vilibaki salama. Kwa hiyo zote mbili zilikuwa za kazi. Nikakaa kwenye ngazi na kiatu kimoja, rili moja kila goti.

Hapo ndipo nikaona kitu kilichonifanya nicheke peke yangu. Kishikio cha ile nyeusi kilikuwa upande wa kulia. Cha ile ya dhahabu kilikuwa upande wa kushoto. Na Ombati wetu ni wa mkono wa kushoto. Bibi alijaribu kumgeuza kwa kumfunga kitambaa, mwalimu alijaribu kwa kiboko, nikaenda shuleni nikiwa na miaka kumi na mitano, nimevaa rinda la mama, nikamwambia mwalimu mtoto huyu Mungu alimpa mkono anaoujua, na ukimpiga tena utanipiga mimi kwanza. Hakumpiga tena. Sasa mbele yangu kulikuwa na rili nzuri ya kutazama, na ya kushoto. Mara moja katika maisha yangu uzuri na matumizi vilikuwa vimekaa kwenye goti moja.

Mzee aliporudi nilikuwa nimeshaamua. Aliipokea ile nyeusi bila kuficha furaha. Kisha akaniuliza, “Kijana anavua kwa mkono gani?”

“Baba,” nikamwambia, “mkono wa Ombati usiniulize. Naujua kuliko yeye.”

Akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. “Sawa, mama,” akasema. Alikuwa ameniita binti siku mbili nzima. Nilikwenda zangu nimefurahi, kwa ndara za Mama Bosibori.

Kurudi: Kebirigo tena

Mvua ilinikuta Kebirigo. Nilikimbilia kwa Mama Kerubo, ambaye alifurahi, kwa sababu mfereji ulikuwa umeanza kulia tena. Nikaufunga. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye beseni kwa ajili ya Jumatatu. Momanyi alikuwa barazani anashona suti ya mtu, akataka kuiona hiyo rili ya wagonjwa.

Nilikuwa na fahari. Nikaunga fimbo, nikafunga rili, nikasimama mbele yao kama Ombati atakavyosimama: fimbo mkono wa kushoto. Nikainua mkono wa kulia nizungushe. Haukukuta kitu. Kishikio kilikuwa kule, upande wa mkono ulioshika fimbo.

Nikajaribu tena, kana kwamba kishikio kingejirekebisha.

Momanyi aliacha kazi yake kabisa. “Huyo ndugu yako,” akasema, “ana mikono mingapi?”

Nilielewa nikiwa nimesimama pale. Mkono unaojua ndio unaoshika fimbo. Unaozungusha ni ule mwingine. Ile nyeusi, yenye makovu, ndiyo iliyokuwa ya Ombati. Mama Kerubo akashauri tuigeuze, mbele iwe nyuma. Tukaigeuza. Kishikio kikaja kulia, lakini uzi ukatokea upande wa tumbo langu, ukatoka bila kizuizi na ukakataa kurudi. Momanyi akasema ameshawahi kuwa na mteja wa namna hiyo.

Kurudi Suneka siku ile hakukuwezekana. Nikampigia Mzee Makori, nikamweleza. Alicheka muda mrefu, nikamsikia anamsimulia mkewe, naye akacheka.

“Nilikuuliza mkono,” akasema, “ukaniambia unaujua.”

“Naujua, baba. Ni ule mwingine ambao sikuufikiria.”

Akaniambia nifungue ubavu wa rili, ndani kuna jino dogo, niligeuze litazame upande wa pili, kisha nifunge. “Na uangalie springi,” akasema. “Inaruka.”

Momanyi alileta bisibisi yake ya cherehani. Alifungua skrubu mbili, ubavu ukatoka, tukaliona jino, na tukaiona springi kwa kiasi cha kupepesa jicho. Iliruka juu, ikang'aa, ikaingia kwenye beseni la maharagwe.

Sitawaeleza yote. Mjue tu kwamba maharagwe yale yalipepetwa kwa ungo mara tatu, wateja wawili wakaacha chai wakaja kusaidia, na Mama Kerubo akasema katika maisha yake hajawahi kuchagua maharagwe safi kiasi kile. Springi niliipata mimi. Ilikuwa imenasa kwenye ganda. Momanyi akaligeuza jino, akabana pumzi, akafunga, nasi tukauzungusha uzi upya utokee mbele. Nikashika fimbo kwa kushoto, nikazungusha kwa kulia. Ikaja laini. Nikavuta uzi, ikaimba.

Ila bisibisi ilikuwa imeteleza kwenye skrubu ya mwisho. Katikati ya yale maua ya dhahabu sasa kulikuwa na mkwaruzo mrefu, mweupe. Momanyi aliusugua kwa kitambaa, haukutoka. Hakuweza kunitazama. Nikamwambia asijali, lakini njia nzima hadi Magwagwa nilikuwa nafikiria kwamba ninampelekea Ombati sweta nyingine ya kahawia.

Nyumbani

Jua lilikuwa bado lipo. Ombati alikuwa ameketi mlangoni na Nyaboke. Nilimpa kitambaa cheupe. Alikikunjua, na Nyaboke akasogea karibu kutazama.

“Ina mkwaruzo,” nikasema upesi. “Ni wa leo. Ilikuwa ya upande mwingine, tukaifungua Kebirigo tuigeuze ikufae kwa kushoto. Ilikuwa nzuri zaidi ya hapo.”

Ombati akainua uso. “Mmeigeuza kwa kushoto?”

“Ushike fimbo kwa kushoto, uzungushe kwa kulia. Si ndivyo?”

Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Akasema huko kambini vyombo vyote ni vya watu wa kulia. Wiki tatu nzima amejifunza kwa mkono wa kulia, na ameshazoea kuwa wa mwisho. Hakuwaambia ni wa kushoto. Alidhani hata Suneka zitakuwa za kulia tu, kwa hiyo hakuona haja ya kunisumbua.

Nilikaa chini. Yaani ilivyokuwa Suneka, kabla ya Momanyi na maharagwe, ndivyo alivyojifunza. Nikamwambia tuifungue tuirudishe, bisibisi ipo, na beseni tutaweka mbali.

“Ngoja kwanza, dada,” akasema.

Aliunga fimbo, akafunga rili, akaupitisha uzi, akafunga kishada cha sufu nyekundu mahali pa nzi, bila ndoano. Akasimama uani. Aliishika fimbo kwa kulia, akaangalia chini, kisha akaihamisha kushoto. Akaitupa nyuma, akangoja, akaileta mbele.

Sijui kuvua, lakini najua mtu anapopata jembe lake. Uzi ulipita juu ya majani ya Napier, ukanyooka wote hewani, ukashuka taratibu kama unaombwa. Ombati alibaki ameinua mkono. Hakutuangalia.

“Wiki tatu,” akasema, “nilikuwa nakula kwa mkono wa jirani.”

Akatupa tena, mbali zaidi, na kile kishada chekundu kikashuka mbele ya jogoo wetu. Jogoo hakufikiri. Alikidaka akakimbilia shambani, na rili ya dhahabu ikaanza kuimba kwa sauti ambayo nadhani wengi wenu mliisikia. Ombati aliweka kidole mahali pake, akazungusha kwa kulia, akamlegezea, akamrudisha, akamlegezea, akimwongelesha kwa adabu, mpaka akamfikisha miguuni. Akamtoa sufu mdomoni. Nyaboke alikuwa ameshaweka sufuria jikoni.

“Hapana,” Ombati akasema. Alimtazama jogoo, akamsifu kidogo, akamweka chini. “Kambi ina sheria.”

Jumatatu alfajiri aliondoka nayo. Mchana aliniarifu kwamba kazi ameipata, na kwamba bosi wake ameushika ule mkwaruzo kwa kidole akauliza nani amefanya hivi. Ombati akamjibu ni dada yake, ndiye aliyeirekebisha. Ndara nitazirudisha Suneka. Mama Bosibori amesema nisije Ijumaa.